Nyuki wakianguka mlangoni: kusoma dalili za sumu ya shamba mzingani

Kila mikunde inapoanza kuchanua, simu huanza kulia. Mmoja yuko Mwakirunge, mwingine Jomvu, mwingine ng'ambo ya Likoni upande wa Mtongwe, na maneno ni yale yale: "Nimeamka nimewakuta wamelala chini kama mchele uliomwagika. Wametiliwa sumu." Mara nyingi ni kweli. Mara nyingine ni jua, njaa au siafu, na jirani ametukanwa bure. Na ziko mara, ambazo ndizo zinazonisumbua zaidi, ambapo sumu ipo lakini hakuna mzoga hata mmoja wa kuonyesha.

Mombasa watu huijua kwa bandari na mahoteli. Sisi tunaofuga tunajua kwamba nyuma ya nyumba kuna bamia, mchicha, biringanya, matikiti na miembe, na kila mwenye kishamba ana bomba lake la mgongoni. Nyuki wetu huruka kilomita 3 bila shida kutafuta chakula, hata zaidi maua yakiwa haba. Kwa hapa kwetu, kilomita 3 ni mashamba ya watu chungu nzima. Ndiyo maana nimepanga maelezo haya kwa kile unachokiona, nikaanza na sababu zinazotokea sana.

Kabla hujafungua mzinga

Usifungue kwanza. Kundi lililoguswa na sumu huweza kuwa kali kupita kiasi, hata lile ulilolizoea. Simama kando ya mlango, usisimame mbele yake, utazame dakika kumi. Piga picha. Andika saa, na upepo unatoka wapi.

Tandika kitambaa cheupe chini ya mlango jioni, uhesabu mizoga kesho yake. Vitabu vya ufugaji husema kundi kubwa lenye afya hupoteza nyuki wapatao 100 kwa siku kwa uzee tu. Kuanzia 200 hadi 400 huhesabiwa sumu kidogo, na wakipita 1,000 ni sumu kali. Lakini hesabu hizo zilitokana na makundi makubwa ya nyuki wa Kizungu. Makundi yetu huwa madogo, kwa hiyo kwangu 300 ni msiba. Tena nyuki wazima hubeba wafu na kuwatupa mbali, basi unachokiona kitambaani ni pungufu ya waliokufa. Kipimo cha maana ni cha mzinga wako mwenyewe: hesabu siku tatu wakati mambo ni shwari, ili siku ya balaa uwe na cha kulinganisha.

Dalili: rundo la wafu mlangoni, ndani ya siku moja au mbili

*Maua yaliyopulizwa dawa nyuki wakiwa kazini.* Hii ndiyo sababu kubwa, na sioni nyingine inayoikaribia. Tazama miguu ya nyuma ya waliokufa: kama wengi wana vikapu vya chavua, walikuwa watafutaji wazima waliokatwa njiani. Tazama ulimi: kwa nyuki aliyekufa kwa sumu mara nyingi umetoka nje umenyooka. Ulimi peke yake hautoshi kuwa ushahidi, maana aliyekufa kwa njaa au joto naye huweza kuutoa. Kisha uliza swali linalotenganisha sumu na mengine yote: je, mizinga yote imepigwa siku ile ile? Ugonjwa hauangushi mizinga minne kwa usiku mmoja. Sumu huanza na makundi yenye nguvu zaidi, kwa kuwa ndiyo yenye watafutaji wengi nje.

Hapo shika njia utembee. Mikunde hufungua maua alfajiri na kuyafunga kabla ya adhuhuri, kwa hiyo aliyepuliza saa mbili asubuhi amepuliza nyuki pamoja na maua. Matikiti hufungua jua likishachomoza na huchelewa kufunga. Mahindi hayana nekta, lakini nyuki hufuata chavua ya mbelewele asubuhi, na tangu viwavijeshi vamizi waingie Kenya mwaka 2017 mahindi hupulizwa kuliko zamani. Miembe nayo hupulizwa ikiwa katika maua kwa sababu ya ugonjwa wa ukungu.

*Dawa iliyobebwa na upepo.* Si lazima maua yapulizwe yenyewe. Kusi likivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, dawa ya shamba la kusini hutua kwenye magugu yenye maua upande wako. Tafuta majani yenye madoa ya dawa kwenye ua wa shamba.

*Maji.* Sababu hii husahaulika, na kiangazi cha kaskazi ndipo inapoua. Nyuki huenda kunywa pale bomba linapooshewa: dimbwi la kando ya kisima, karai lililoachwa, mfereji wa kumwagilia. Ukiona mizoga mingi karibu na maji kuliko mlangoni, umeipata. Tiba yake ni rahisi: weka maji yako safi kivulini, hatua chache kutoka mizingani, tia vijiti au kokoto za kutulia, na usiyaache yakauke hata siku moja. Nyuki wakishazoea dimbwi fulani ni kazi kuwahamisha.

*Joto.* Mzinga ulioachwa juani, au uliozibwa mlango, huua kundi zima. Wafu huwa weusi na wamelowa, na masega yamelegea au kuanguka. Hapa hakuna wa kulaumiwa ila pahali pa mzinga.

*Njaa.* Inua mzinga upande mmoja: mwepesi kama mtupu? Ndani utakuta wafu wametia vichwa kwenye vijumba vitupu.

*Siafu, au wizi kati ya makundi.* Utaona vipande vya nyuki, mabawa yaliyotafunwa, na alama za vita hubaki ardhini asubuhi.

Kama ni sumu, la kufanya siku hiyo ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Fagia mizoga uifukie, kuku wasiile. Vaa glavu, usiokote kwa mikono mitupu. Wape maji safi, na sharubati ya sukari ya kiasi sawa, sukari kwa maji, ili wasilazimike kurudi kwenye maua yale. Baada ya siku mbili tatu, wakitulia, fungua jioni utazame akiba ya chavua. Masega yaliyojaa chavua mpya ya siku zile yaondoe, maana hiyo ndiyo inayokwenda kulisha majana, yaani wachanga walio bado ndani ya vijumba vya sega. Dawa za unga na zile za unga wa kuchanganya na maji ndizo mbaya hapa: hushika vinywele vya nyuki pamoja na chavua na kuwekwa ghalani kama chakula.

Onyo moja ninalolirudia kila mwaka: usizibe mlango wa mzinga mchana ili "kuwalinda". Nyuki hushikilia chumba cha majana kwenye nyuzijoto 34 au 35, na hufanya hivyo kwa kupepea hewa. Kwa joto la Mombasa, mzinga uliozibwa huwa tanuri kabla ya adhuhuri. Kama jirani amekuarifu kwamba atapuliza na huna njia nyingine, tundika gunia lililoloweshwa maji mbele ya mlango kwa saa moja au mbili tu, hewa ikipita, na uliloweshe tena na tena. Au hamisha usiku.

Dalili: wako hai lakini wanatetemeka, wanazunguka kwa mgongo, hawawezi kuruka

Hapa nyuki wanakueleza aina ya dawa, ukiwa na subira ya kuwatazama. Wakilowa kwa matapishi ya nekta, wakijikokota na kufa kwa wingi nyumbani, shuku jamii ya klorpirifosi, dimethoeti na malathioni. Dawa hizi huzuia kimeng'enya kinachosimamisha ujumbe wa neva, kwa hiyo misuli haipati amri ya kupumzika. Wakianguka ghafla, wengine wakizunguka kama pia, shuku jamii ya deltamethrini, sipamethrini na lambda-sihalothrini. Nyingi ya hizo huwaangusha kule kule shambani, kwa hiyo nyumbani huona wachache. Hii si maabara, ni dalili tu ya kukuongoza uulize swali sahihi dukani.

Sababu nyingine zipo: utitiri wa Varroa, ambao ulithibitishwa Kenya mwaka 2009, hutoa nyuki wachanga wenye mabawa yaliyokunjamana wakitambaa chini. Tofauti ni kwamba wale ni wachanga na mabawa yao ni mabovu tangu kuzaliwa. Wa sumu ni watu wazima wenye mabawa mazuri wasioweza kuyatumia.

Maafisa wa afya wanapopuliza dawa ya mbu mitaani, nayo ni ya kuulizia. Nyuki hawatofautishi dawa ya shamba na ya mtaa.

Dalili: kundi linapungua wiki hadi wiki, na hakuna mizoga

Ningependa usome sehemu hii polepole, kwa sababu hapa ndipo tunapopoteza makundi mengi huku tukisema "wamehama tu".

Anza na rahisi. Je, walijigawa? Ukikuta vijumba vya malkia vilivyotobolewa chini ya sega, na wiki chache nyuma kulikuwa na pumba la nyuki mtini, jibu ni hilo. Je, malkia yupo? Kama hakuna mayai wala majana machanga, kundi linazeeka bila kurithiwa, na nyuki mfanyakazi wakati wa kazi nyingi huishi wiki sita hivi tu. Je, kuna Varroa? Tia nyuki nusu kikombe, kama 300, kwenye chupa pamoja na sukari laini ya unga, tikisa taratibu, kisha chekecha juu ya sahani nyeupe uhesabu utitiri. Nyuki warudishe, hawadhuriki.

Ukishayaondoa hayo, na mayai yapo, na malkia anataga vizuri, lakini jioni watafutaji wanaorudi ni wachache kuliko walioondoka, basi fikiria dawa zinazoingia ndani ya mmea. Imidaklopridi na thayamethoksamu hupakwa kwenye mbegu au hupulizwa, mmea ukazinyonya, zikapanda mpaka kwenye nekta na chavua. Kipimo kinachonukuliwa sana cha imidaklopridi inayoua nusu ya nyuki walioinywa ni nanogramu 4 hivi kwa nyuki mmoja. Nanogramu ni gramu iliyogawanywa mara bilioni moja. Lakini kabla ya kufikia kuua, huharibu kumbukumbu ya njia. Mwaka 2012 watafiti nchini Ufaransa walichapisha jaribio walilobandika vitambulisho vidogo vya redio migongoni mwa nyuki: waliopewa thayamethoksamu kidogo, isiyotosha kuwaua, walishindwa kurudi nyumbani kwa wingi kuliko wenzao. Mzinga haukupata mizoga, ulipata nafasi tupu. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulikataza dawa hizo mbili na klothianidini kutumika kwenye mashamba ya nje.

Mimi mwenyewe nilipoteza makundi mawili kwa njia hii. Nilimlaumu nyegere, nikalaumu joto, nikabadilisha malkia. Kumbe ng'ambo ya njia mtu alikuwa akimwagia miche yake dawa chini kwenye shina kila wiki mbili, na kwa kuwa sikumwona akipuliza, sikuuliza.

La kufanya: kundi likiwa linafunika masega chini ya matatu, liunganishe na jingine lenye nguvu, ukihakikisha kwanza si ugonjwa. Likiwa bado na nguvu, lihamishe zaidi ya kilomita 3, usiku, mlango ukiwa na wavu wa kupitisha hewa. Sehemu ninayoipenda ni kandokando ya mikoko, kwa sababu mchu, mmoja wa mikoko hiyo, ukichanua hakuna anayeupuliza. Lakini mikoko ni msitu wa serikali; pitia kikundi cha jamii kinachouhifadhi, usiende kutundika mzinga kimya kimya.

Dalili: majana yamekufa au yana mapengo, siku kadhaa baadaye

Wazima wamepona, ukashukuru, kisha baada ya wiki moja majana yanaanza kutupwa nje. Ni chavua ile ya ghalani. Au nyuki wauguzi, wale wanaolisha majana, ni wachache, na majana yamekosa chakula.

Dawa za ukungu hazisemwi vya kutosha. Muuzaji atakwambia hazidhuru nyuki, na ikiwa peke yake nyuki mzima aweza kuimudu. Ila baadhi yake, za jamii ya triazoli, hukwamisha vimeng'enya ambavyo nyuki hutumia kusafisha sumu mwilini. Mkulima akichanganya dawa ya ukungu na ya wadudu kwenye bomba moja ili asirudi mara mbili, na kwa miembe jambo hilo ni la kila siku, sumu ya pili huwa kali kuliko ilivyoandikwa.

Malkia akifa ndani ya mwezi mmoja baada ya tukio, usishangae. Mpe kundi sega lenye mayai kutoka mzinga mwingine walee mpya.

Tatizo likirudi kila msimu hata baada ya kuhama, shuku nta. Dawa nyingi hupenda mafuta, na nta huzihifadhi kwa muda mrefu. Sega jeusi lililozeeka litoe, na usilitumie tena kuanzishia masega mapya.

Dalili: mzinga mtupu, asali imebaki au imeliwa

Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa mara nyingi si sumu. Nyuki wetu wa Kiafrika huhama kwa joto, siafu, ukosefu wa maji, nondo wa nta, mende wa mzinga, au kusumbuliwa kila siku. Angalia hayo kwanza. Sumu huingia kwenye orodha kama wiki zilizotangulia uliona upungufu ule wa kimya.

Duka la dawa, na jirani

Watu husoma utepe wa rangi kwenye chupa, wakiona kijani au buluu wanasema dawa hii ni salama. Rangi hizo zinamhusu mwanadamu: nyekundu kali sana, kisha njano, buluu, kijani. Hazisemi lolote kuhusu nyuki. Spinosadi ina sumu ndogo kwa mtu, lakini ikiwa bado mbichi kwenye ua huua nyuki vibaya. Soma maandishi madogo ya tahadhari za mazingira, hapo ndipo nyuki wanapotajwa. Na chupa isiyo na nambari ya usajili inayoanza PCPB(CR), ya bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu, usiinunue na mshauri jirani asiinunue.

Kuhusu jirani, nilijifunza kwa mama mmoja mwenye matikiti. Nilikwenda kwake na hasira, nikamkuta amekaa juu ya ndoo, anachambua matikiti yaliyopinda, mengine yamenyongeka shingo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tazama hasara hii. Mbolea nimetia, maji nimetia."

Hasira ikaniisha. Ua la kike la tikiti lahitaji kutembelewa na nyuki mara nane au zaidi ili tunda lijae sawasawa. Likipata chavua upande mmoja, hujaa upande mmoja. Alikuwa akiua wafanyakazi wake mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumweleza. Tulikubaliana mambo matatu: anipigie simu siku moja kabla, apulize baada ya magharibi, nyuki wakiwa wamelala na maua yamefunga, na asipulize upepo ukivuma. Nami humpelekea chupa ya asali kila mavuno. Asubuhi mapema si badala ya jioni kwa hapa Pwani, kwa sababu nyuki wetu huanza kutoka kukipambazuka na dawa haijakauka. Na zipo dawa, kama abamektini, ambazo hata zikikauka huendelea kudhuru. Kwa hizo, jibu ni kutopuliza kabisa wakati wa maua.

Hapa simama, ita mtaalamu

Mtu aliyekuwa karibu na dawa akianza kutoka mate na jasho jingi, mboni zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, kutapika au kupumua kwa shida, acha nyuki. Mvue nguo, muoshe kwa maji mengi na sabuni, mkimbize hospitali pamoja na chupa ya dawa au picha ya kibandiko chake. Vivyo hivyo aliyeumwa na nyuki akivimba uso au kubanwa kifua, hata kama ni mwiba mmoja.

Kundi likiwa kali na liko karibu na nyumba za watu au shule, usijaribu kulihamisha peke yako mchana.

Mizinga ya wafugaji wawili au zaidi ikipigwa siku moja, ripoti kwa afisa wa kilimo au mifugo wa kaunti na kwa bodi ile ya dawa za wadudu, PCPB. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Mtwapa kiko karibu kwa ushauri wa mimea na wadudu wake, na Nairobi iko maabara ya afya ya nyuki ya icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, iliyofunguliwa mwaka 2014. Usitibu kwa dawa yoyote ya kubahatisha kabla ya hapo. Dawa ya kuwatibu nyuki waliopata sumu haipo dukani, na anayekuuzia anakudanganya.

Sampuli ndiyo inayoharibika haraka kuliko kitu chochote. Chukua waliokufa ndani ya saa 24, vikombe viwili vya chai ukiweza, kwa kijiko safi. Wafunge kwenye karatasi ya foili, andika tarehe, saa na mahali, kisha weka kwenye friza mbali na chakula cha nyumbani. Wakikaa juani siku mbili huwa funza na harufu tu. Chukua pia kipande cha sega chenye chavua, na matawi ya maua unayoshuku, kila kimoja kwenye mfuko wake.

Na asali iliyokuwa ikijazwa wiki ile, usiikamue kwa kuuza. Iache, weka alama ya chaki kwenye vijiti vya juu vinavyoshika masega hayo, na usivune hapo mpaka majibu yatoke.